Mkuki, ushanga na dakika tatu: namna ya kuchagua utanzu wa katuni fupi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 22, kwetu ni Pakwach lakini sasa naishi Arua. Nimejifunza mwenyewe Krita na Blender, programu za kuchora na kutengeneza katuni, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4. Nataka kutengeneza katuni yangu ya kwanza kutokana na hadithi ya Gipir na Labongo aliyokuwa akitusimulia bibi. Nimepanga iwe dakika kumi na nimeshaanza kuchora kundi la tembo. Shida yangu ni kwamba sijui iwe katuni ya aina gani. Rafiki mmoja anasema iwe ya kuchekesha ili watoto waipende. Mwingine anasema za kutisha ndizo zinazotazamwa sana. Mimi mwenyewe nilifikiria safari ya ujasiri. Mwishoni ningependa yatokee maandishi ya kuwahimiza watu wapendane. Nianzie wapi? Na wahusika waseme Kiswahili, Kialur, au wanyamaze?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kabla ya lolote, acha kwanza kuchora tembo. Huenda ni tembo wazuri sana, ila bado hujui kama katuni yako inawahitaji, na kila tembo unayemwongeza anakufunga kwenye hadithi ambayo hujaichagua.

Wapo wasomaji wasioijua hadithi yenyewe, kwa hiyo niieleze kwa ufupi. Gipir na Labongo walikuwa ndugu wa damu, Waluo. Alfajiri moja tembo aliingia kuharibu mazao. Gipir akashika mkuki uliokuwa karibu, kumbe ni wa nduguye, akamchoma tembo, na tembo akatoroka nao mwilini. Labongo alikataa fidia ya kila namna. Alitaka mkuki wake ule ule. Basi Gipir akaingia porini kwenye nchi ya tembo, akakutana na bikizee aliyemwonyesha rundo la mikuki, akaupata wa nduguye, na bikizee akampa shanga nzuri za kurudi nazo. Baadaye, siku shanga zile zinatungwa, mtoto mdogo wa Labongo akaokota moja na kuimeza. Sasa ikawa zamu ya Gipir: anautaka ushanga wake ule ule, wala hangoji upite wenyewe. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana mahali paitwapo Wang Lei, karibu na Pakwach, wakachimbia shoka pale kama alama ya kutengana. Watu wa Gipir wakavuka Nile kwenda magharibi, ndio Waalur, na wa Labongo wakabaki mashariki, kwa Waacholi. Wasimulizi hutofautiana katika majina, na wengine humtaja ndugu wa tatu, lakini mkuki, ushanga na shoka havikosekani.

Sasa turudi kwa marafiki zako. Anayesema "watoto wataipenda" anazungumzia hadhira. Anayesema "zinatazamwa sana" anazungumzia soko. Hakuna kati yao aliyegusa utanzu, yaani aina ya hadithi yenyewe. Na katuni yenyewe si utanzu; ni njia ya kusimulia, na tanzu zote huweza kupita ndani yake, tangu vichekesho vya watoto hadi tanzia, yaani hadithi nzito ya majonzi, ya watu wazima. Ukilichanganya hili mapema utajikuta unawapa wahusika macho makubwa na sauti nyembamba kwa sababu tu "ni katuni", halafu unashangaa kwa nini mtoto akifa hakuna anayeumia.

Utanzu ni ahadi ya hisia. Mtazamaji akishaona sekunde kumi za mwanzo anajiweka tayari: tayari kucheka, tayari kuogopa, tayari kusafiri, tayari kuumia. Kwenye filamu ya saa mbili unaweza kumgeuza njiani, maana una muda. Kwenye dakika tatu huna. Uliyoahidi mwanzoni ndiyo utakayodaiwa. Tazama kazi fupi ya Raymond Malinga iliyotoka Kampala mwaka 2017, *A Kalabanda Ate My Homework*. Wengi waliosoma shule za Uganda wamewahi kutishiwa Kalabanda. Jina la filamu linaliweka zimwi hilo karibu na kisingizio cha mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani, na papo hapo unajua utatishwa kidogo na utacheka zaidi. Picha ya kwanza haijaonekana na ahadi imeshatolewa.

Kwa hiyo swali langu kwako si unapenda aina gani. Ni hili: sekunde ya mwisho ikipita, mtu aliyeketi mbele ya simu yake abaki na nini kifuani? Usinijibu kwa ujumbe, kama vile "ajue umuhimu wa upendo". Nijibu kwa hisia, kwa neno moja au mawili: hofu, furaha, aibu, hamu ya nyumbani, majuto. Ukishalipata neno hilo, utanzu unakuwa njia ya kumfikisha mtazamaji hapo, na kila tukio unalipima kwa swali moja tu: linamsogeza kuelekea neno lile au linampoteza?

Tuzijaribu njia zote kwenye hadithi yako, moja baada ya nyingine, maana naona umechanganyikiwa kwa kuzitazama zote kwa mpigo.

Vichekesho kwanza. Injini ya hadithi hii ni ukaidi wa "ule ule": kitu kinachoweza kufidiwa, na mtu anayekataa fidia. Injini hiyo inafaa sana kwa vichekesho. Chukua ndugu wawili waendesha boda hapo Arua. Mmoja anaazima helmeti ya mwenzake, inadondokea kwenye lori la mihogo, lori linaondoka. Mwenye mali analetewa helmeti mpya, nzuri zaidi, anakataa. Anataka ile ile, yenye ufa na stika ya timu yake. Utacheka, na utaendelea kucheka hadi mwisho, kwa sababu kinachopotea ni muda na mafuta tu. Kumbe tofauti ya vichekesho na tanzia hapa haiko kwenye msuko, yaani mpangilio wa matukio. Msuko ni ule ule. Tofauti ni bei inayolipwa, na nani anailipa. Pale anapolipa mtoto, kicheko chochote ulichokitanguliza kinageuka kuwa ukatili, na mtazamaji atakasirika nawe, si na Labongo. Kama unataka kuwachekesha watoto, chora ndugu wa boda na uwaache Gipir na Labongo kwa katuni nyingine. Wala usidhani watoto wanahitaji hadithi hii ichekeshe ndipo waisikilize. Wewe ulikuwa mtoto ulipoisikia kwa bibi, na leo una miaka 22 bado haijakutoka.

Ya kutisha. Rafiki yako ana hoja moja nzuri, pengine bila kujua: kutisha ni nafuu kwa mchoraji. Giza halihitaji kuchorwa sana, sauti inafanya nusu ya kazi, na kisichoonekana kinatisha kuliko kinachoonekana. Lakini fikiria jicho la kamera litatazama wapi siku ile ya ushanga. Katuni ya kutisha itakitazama kisu. Tanzia itautazama uso wa Gipir anapoupokea ushanga wake mkononi. Tukio ni moja na michoro ni karibu idadi ile ile, lakini mtazamaji wa kwanza ataondoka na kisu kichwani na wa pili ataondoka na Gipir. Nadhani unajua ni yupi bibi yako alitaka uondoke naye.

Safari ya ujasiri ndiyo iliyokuvuta wewe, na naelewa. Nchi ya tembo, bikizee, rundo la mikuki: pale ndipo mchoraji anapotamani kukaa. Utanzu huu unaahidi kwamba mtu atatoka, atashinda magumu na kurudi amebadilika kuwa bora. Gipir anatoka, anashinda, anarudi, lakini anarudi na kinyongo. Ukiisimulia kama ujasiri, mtazamaji atakuwa upande wa Gipir kwa dakika saba, kisha dakika ya nane utamwonyesha shujaa wake anadai tumbo la mtoto. Mtunzi mzoefu mwenye saa nzima angeweza kuugeuza mtego huo kuwa kitu kikubwa. Kwenye kazi ya kwanza, fupi, utavunja ahadi yako mwenyewe na hutapata muda wa kuirekebisha. Tena safari ndiyo ghali kuliko zote: kila mahali papya panataka mandhari mapya, na kila kiumbe kipya kinataka kujifunza kutembea.

Kwa hiyo mimi ningekushauri tanzia, bila kusita. Neno lako la mwisho liwe "wangeacha tu". Mtazamaji abaki akitamani mmoja wao, yeyote, angelegeza kamba. Tanzia ina wahusika wachache, mahali pamoja, mwendo wa taratibu, na mtazamaji anayeona balaa linakuja kabla ya wahusika wenyewe kuliona. Vyote hivyo viko ndani ya uwezo wa mtu mmoja mwenye laptopu ya GB 4.

Na hapa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowaangusha vijana wengi wenye vipaji. Filamu hupita kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na jicho huridhika. Dakika moja ni michoro 720. Dakika kumi ulizopanga ni michoro 7,200. Tuseme unamudu michoro 20 safi kwa siku, bila kuugua, bila umeme kukatika, bila kusafiri kwenda kwenye msiba: ni siku 360. Dakika tatu ni michoro 2,160, yaani siku 108 kwa kasi ile ile. Kwa kweli itapungua, maana mhusika akisimama kimya unashikilia mchoro mmoja kwa sekunde kadhaa. Tanzia ina vimya vingi. Vichekesho havina, kichekesho kinaishi kwenye mwili unaoruka na uso unaobadilika kila mara. Unaona jinsi utanzu na mkoba wako wa muda vinavyozungumza?

Basi, dakika tatu. Tembo je?

Tembo abaki mmoja, tena asionekane mzima. Alfajiri ina ukungu. Onyesha mguu ukikanyaga ulezi shambani, onyesha mkonga ukipita juu ya paa la ghala, onyesha kivuli. Wewe una bahati ambayo wachoraji wa miji mingine hawana, kwa sababu hifadhi ya Murchison iko mlangoni kwenu Pakwach na tembo huonekana hata kutoka barabarani. Nenda ukawatazame kwa usalama, ukiwa na daftari. Utaona kwamba mguu unatua bila kishindo, na kwamba hata akikimbia tembo haruki hewani kama farasi; wakati wote kuna mguu unaogusa ardhi. Ukimchora akikanyaga kimya, atatisha kuliko ukimwekea ngurumo. Hao wengine uliokwisha kuwachora, watunze. Nchi ya tembo na bikizee wake ni katuni nyingine kamili ya siku za usoni, na hiyo itakuwa ya safari kweli.

Usinielewe vibaya, simfuti bikizee kwa kupenda. Namfuta kwa sababu Gipir akiondoka, mahali panapouma ni nyumbani, na kamera inapaswa kubaki nyumbani. Onyesha kiti chake kitupu kando ya moto. Onyesha Labongo anampokea mtoto mchanga mikononi, mvua inakuja, mvua inakwisha, mtoto anaanza kutambaa. Sekunde ishirini tu. Mtazamaji ataelewa kwamba msimu mzima umepita, kwamba mkuki umemgharimu mtu muda wake, na papo hapo atakuwa amempenda mtoto. Kazi tatu umezifanya kwa mandhari moja.

Kuhusu mtindo wa kuchora, fikiria vivuli. Mwaka 1926 Mjerumani Lotte Reiniger alimaliza filamu ndefu nzima kwa karatasi nyeusi alizozikata kwa mkasi na kuzisogeza fremu kwa fremu mbele ya mwanga. Watu weusi tititi mbele ya mwanga wa moto au wa alfajiri: hiyo ndiyo sura halisi ya hadithi za jioni, kama Waacholi wanavyozisimulia kwenye wang'oo, watu wakiwa wameuzunguka moto. Hapa kivuli hakichorwi kwa sababu ya umaskini wa vifaa. Kinachorwa kwa sababu hadithi ilizaliwa kwenye mwanga wa namna hiyo. Vilevile kinakuondolea kuchora midomo inayosema na mikunjo ya nguo. Bei yake ni kwamba mgongo, mabega na mikono lazima viseme kila kitu. Jizoeze: chora Labongo anayekataa fidia, kwa mgongo tu. Kama rafiki yako hatambui kwamba mtu huyu anakataa, chora tena.

Sasa mpangilio. Andika kwanza sentensi moja inayobeba hadithi yote, na isizidi pumzi moja. Yangu ingekuwa hii: mtu aliyelazimishwa kurudisha kitu kile kile anapata nafasi ya kumlazimisha nduguye vivyo hivyo, na anaitumia. Sikumtaja tembo, wala Nile, wala makabila. Uti wa mgongo wa katuni ni maneno "na anaitumia". Ibandike sentensi hiyo ukutani mahali unapochorea.

Kisha gawa sekunde zako 180. Mimi ningezigawa hivi, nawe unaweza kubisha. Alfajiri, tembo na mkuki, sekunde 25. Dai la kwanza, Labongo amesimama na Gipir ameketi, sekunde 15. Kiti kitupu na mtoto anayekua, 20. Gipir anarudi, amekonda, anauweka mkuki chini bila neno, 25. Hapa usiharakishe: Labongo afurahi, amkaribishe nduguye, na Gipir asimtazame. Kisha shanga, 35, sehemu ndefu kuliko zote, nitairudia. Dai la pili, 15. Kilichotendeka, 25. Mto na shoka, 20.

Madai mawili uyachore kwa picha moja, kamera mahali pale pale, nyumba ile ile nyuma yao, ila safari ya pili aliyeketi ndiye aliyesimama. Mtazamaji ataing'amua pacha hiyo hata kama hawezi kuieleza, na tumbo litamkaza kabla hajasikia neno lolote. Taharuki katika tanzia haitokani na kutojua kitakachotokea. Inatokana na kujua. Na kwa upande wa kazi, mandhari ile ile inatumika mara mbili.

Sehemu ya shanga ndiyo moyo, na ndiyo wengi wangeiharibu kwa haraka. Kuna mambo mawili ambayo mtazamaji lazima ayaone. La kwanza, ushanga unavyomezwa: polepole, kwa kucheza, watu wazima wakiwa wametazama kwingine. Kwa kuwa kila kitu ni kivuli, upe ushanga rangi, labda buluu, uwe kitu pekee chenye rangi katika katuni yote, ili mtu anayetazama kwenye kioo kidogo cha simu asiupoteze. La pili ni zito zaidi: lazima ionekane kwamba palikuwa na njia nyingine. Mama amnyooshee Gipir mikono, aelekeze jua linavyozama na kuchomoza: subiri hadi kesho, utapita wenyewe. Labongo alete mkuki wake mpendwa na kuuweka miguuni pa nduguye kama fidia. Gipir akatae. Bila kukataa huko hakuna tanzia, kuna ajali tu, na ajali haimwachi mtu akisema "wangeacha tu".

Hilo linanirudisha mwanzoni kabisa. Kwa nini Labongo aliukatalia mkuki mpya? Bibi alipokusimulia hukuuliza, kwa sababu msimulizi akisema alikataa, alikataa. Kwenye picha mtu atauliza. Huhitaji maelezo marefu. Sekunde sita zinatosha. Usiku kabla ya tembo, Labongo anaupaka mkuki mafuta kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto. Baadaye utakapomwonyesha akimwogesha mtoto wake kwa mikono ile ile na mwendo ule ule, hutakuwa na haja ya kueleza chochote.

Kilichotendeka kwa mtoto usikionyeshe. Onyesha mlango wa nyumba umefungwa. Onyesha mikono ya Gipir inasubiri. Sauti iwe ya maji yanayomiminwa kwenye kibuyu, mtu anaosha kitu kidogo. Kisha ushanga wa buluu unawekwa kiganjani mwake, nasi tumtazame yeye. Sekunde nane kamili, kichwa kikiinama kidogo kidogo. Utashawishika kuweka kilio cha mama hapo. Jaribu pande zote mbili, ukiwa na kilio na bila kilio, uwaonyeshe watu. Mimi ningeweka ukimya, lakini sauti ni jambo la kusikia na halipimwi kwenye karatasi.

Umeuliza kuhusu lugha. Katuni hii inahitaji matamshi mawili tu: "Mkuki wangu, ule ule," na baadaye, "Ushanga wangu, ule ule." Kila kingine ni picha na sauti za mazingira. Usiogope ukimya, filamu ndefu *Flow* ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo unayojifunza, haina neno hata moja la mtu, nayo ilipata Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025. Matamshi yako mawili yarekodiwe kwa Kialur, kwa sauti za watu wa kwenu, wazee ikiwezekana, na Kiswahili kiandikwe chini ya picha ili mtu wa Jinja, wa Kasese na wa ng'ambo ya mpaka afuate. Halafu rekodi toleo la pili kwa Kiacholi. Ni sentensi mbili, hazikugharimu kitu, na nusu ya familia ya hadithi hii iko upande ule wa mto. Ila ndani ya toleo moja ndugu wote wawili waseme lugha moja, kwa sababu walikuwa bado hawajaachana. Msimulizi wa nyuma ya picha mwache kabisa. Akishaanza kusema "Labongo alikasirika sana", mabega ya Labongo uliyoyachora kwa juma zima hayana kazi tena.

Maandishi ya kuwahimiza watu wapendane yaondoe. Najua yanatoka kwenye nia njema, na watu wa Nile Magharibi na Waacholi wameona ya kutosha kiasi kwamba ungependa kusema jambo la faraja. Lakini ukimwambia mtazamaji afikirie nini, unamruhusu aache kufikiri. Akibaki na "wangeacha tu" bila kuambiwa, atamkumbuka kaka yake wasiyesemeshana tangu ugomvi wa shamba. Maliza kwa shoka likiingia ardhini, misafara miwili ikiachana, na jina la mahali: Wang Lei. Kabla ya hapo, rudi Pakwach ukawaulize wazee wawili watatu jinsi shoka lilivyowekwa, na nani alilishika. Watakupa majibu yanayopishana. Chagua moja, na uwataje kwenye majina ya mwisho kama wataridhia.

Ukishapata hayo, kata karatasi ndogo ndogo, uchore kila picha ya kamera kwa dakika moja tu, vijiti vya watu vinatosha. Kwa dakika tatu, picha za wastani wa sekunde tano, utapata kama 36. Zipange sakafuni, zihamishe, ondoa. Hiyo ndiyo storiboadi. Zipige picha kwa simu, ziingize kwenye sehemu ya kuhariri video ndani ya Blender, kila moja kwa sekunde zake, uweke na sauti ulizozirekodi kwa simu: maji, moto, shanga zikigongana, yale matamshi mawili. Hiyo ni animatiki, na ndiyo katuni yako yote ikiwa bado rahisi kubadilishwa. Picha ya karatasi ukiitupa umepoteza dakika moja. Ukiitupa baada ya kuihuisha, yaani kuichora hadi isogee, umepoteza juma.

Waonyeshe animatiki watu watano ambao hawaijui hadithi, Arua wamejaa. Usiwaulize kama wameipenda, watakuambia ndiyo kwa sababu wanakupenda wewe. Waulize mambo matatu: nani alikosea, ni wakati gani ulitamani kumzuia mtu, na mtoto alipatwa na nini. Wakisema Labongo peke yake alikosea, dai la pili halijapata uzito. Wakisema hawakujua ushanga uliingiaje tumboni, rudi kwenye zile sekunde 35. Wote watano wakitaja wakati mmoja walipotamani kumzuia mtu, anza kuhuisha kesho yake asubuhi.

Kuhusu mashine yako, Krita huziweka fremu zote kwenye RAM, kwa hiyo kwa GB 4 usijaribu kuhuisha dakika nzima kwenye faili moja. Kila picha ya kamera iwe na faili lake la sekunde tatu hadi sita, kwa ukubwa wa 1280 kwa 720. Au tumia Grease Pencil, zana ya kuchorea iliyo ndani ya Blender, ambayo huhifadhi mistari badala ya doti za rangi na ni nyepesi zaidi, hasa kwa vivuli. Wakati wa kutoa kazi, toa kila fremu kama picha ya PNG, usitoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 90, unaendelea na ya 91. Video iliyokatika katikati mara nyingi haifunguki tena. Nakili kila jioni kwenye flashi.

Anza na picha ya dai la kwanza, kwa kuwa mandhari yake utaitumia tena kwenye la pili, na kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha mapema kama vivuli vyako vinaweza kusema bila mdomo. Ikikubali, nitumie sekunde hizo 15 nizione.